Uzi: Kujaza risasi zako mwenyewe kwa bajeti ndogo, naanzia wapi? (.45-70, nipo Ohio)

Kijana_Columbus

Wakuu habari za weekend. Hii inawahusu zaidi walioko Marekani wanaowinda au wanaopiga shabaha, ila yeyote anayejua achangie.

Nina Marlin 1895, raifo ya leva (ule mkono wa chini unaovuta kuingiza risasi nyingine), inatumia risasi ya .45-70. Niliichukua kwa sababu huku Ohio msimu wa bunduki kulungu hapigwi kwa raifo ya kawaida kama .308, tangu 2014 wameruhusu raifo zenye ganda lililonyooka tu, kuanzia .357 mpaka .50. Bunduki yenyewe naipenda kupita maelezo, tatizo ni risasi. Boksi la 20 nalikuta kati ya dola 45 na 60, ukienda renji kuzoea shabaha ukapiga maboksi mawili tayari umeshakula hela ya umeme. Jamaa kazini kaniambia yeye anajaza za kwake nyumbani na anatumia chini ya nusu ya hapo.

Bajeti yangu dola 300, labda 350 nikijibana. Naishi apartment, sina gereji wala meza ya ufundi. Maganda ya zile nilizopiga nimeyatunza yote. Je inawezekana, au kwa hela hiyo niache tu? Naombeni ushauri wa mtu anayefanya kweli, video nimeangalia mpaka kichwa kinauma, kila mmoja anasema lake.

Mzee_wa_Nebraska

Karibu kijana. Inawezekana, na umebahatika kwenye kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, bunduki yako ni katika zile ambazo kujaza kunalipa kweli.

Watu wengi wanaingia huku na 9mm halafu wanakata tamaa. Risasi ya 9mm ya dukani ni kama senti 22 hadi 25 hivi, ukijaza mwenyewe unaishia senti 17, 18, mpaka 20, sasa hapo umeokoa nini na umekaa jioni nzima? Faida ipo kwenye risasi ambazo kiwanda kinaziuza ghali kwa sababu watu wachache wanazinunua, kama hiyo yako, kama .44 Magnum, kama .38 Special, na zile za kuwindia za .308 au .30-06 zenye vichwa vya bei.

Chukua hesabu yako. Risasi ina vitu vinne tu: ganda, praima (kile kidude kidogo cha kwenye kitako kinachowasha baruti), baruti na kichwa (kile kinachoruka). Ganda unalo, ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote na umeshakilipia kwenye boksi la kwanza, ukilitunza na usipolijaza kwa nguvu za ajabu linarudi kazini mara nyingi sana. Praima kubwa za raifo kwa sasa weka senti 8 hadi 10 moja. Kichwa cha madini ya risasi cha greni 405 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kile cha kumiminwa, kama senti 40. Baruti paundi moja tuseme dola 40 na ganda lako ni kubwa kwa hiyo paundi inakutolea risasi kama 150 hadi 200 kutegemea aina, weka senti 20 hadi 27. Jumla unazunguka senti 70 na ushee. Boksi la 20 linakugharimu dola 15 badala ya 50. Ukipiga maboksi kumi kwa mwaka vifaa vimeshajilipa.

Ila nikuambie mapema, kuna sehemu ya kubana hela na kuna sehemu haibanwi. Kwenye presi, ile mashine ya kukandamizia maganda, bana hela, hata ya bei ya chini kabisa ikikandamiza imekandamiza. Mizani na kitabu cha vipimo usibane. Hivyo viwili ndivyo vinavyolinda macho na vidole vyako.

chuma_cha_pua

Mimi napingana kidogo na mzee. Nunua kitu kizuri mara moja. Mimi natumia presi ya Dillon 750 na saa moja natoa risasi mamia. Ukinunua hivyo vya bei chee baada ya mwaka utavitupa ununue tena.

Mzee_wa_Nebraska

Mkuu Dillon ni mashine nzuri sana, sibishi. Lakini kijana ana dola 300 na hiyo mashine peke yake inamzidi kwa mbali kabla hajaweka kalibu (vyuma vya kubania ganda vinavyofungwa kwenye presi) wala kununua praima moja. Na hata angekuwa na hela bado nisingempa ya kuanzia. Ile mashine kila ukivuta mkono mmoja kuna kazi nne tano zinafanyika kwa pamoja, huku linang'olewa praima, huku linamwagwa baruti, huku linabanwa kichwa. Mtu ambaye hajajua kila hatua inatakiwa ijisikie vipi mkononi hataiona hatua iliyokosea. Akianza na presi ya hatua moja, anafanya maganda yote 20 hatua ya kwanza, kisha yote hatua ya pili, kila ganda analishika na kulitazama mara tano sita. Kwa mtu wa boksi tatu nne kwa mwezi hahitaji mamia kwa saa. Hiyo presi haitatupwa pia, mimi nina progressive (ya kazi nyingi kwa mpigo kama hiyo Dillon) na ile ya kwanza bado ipo mezani.

dada_Nyota

Nipo Texas, mimi najaza .38 Special ya rivolva yangu, na nilianza na kile kiboksi cha Lee Loader, kile cha kutumia nyundo. Kinauzwa kama dola 40 na kitu, kampuni ya Lee ya Wisconsin wanakitengeneza tangu miaka ya mwishoni mwa 50, ndani kuna kila kitu mpaka kijiko cha kupimia baruti. Unagonga praima ya zamani itoke, unagonga ganda libanike, unapandikiza praima mpya, unamimina kijiko, unagonga kichwa kikae. Ni polepole ila unaelewa kila kitu. Kaka hata kwenye meza ya jikoni kinafanya kazi, ila vaa miwani ya usalama muda wote sababu praima inapandikizwa kwa kugonga na wakati mwingine inalipuka hapo hapo.

Mzee_wa_Nebraska

Dada umesema vizuri na kwa rivolva yako kinafaa kabisa. Ila kijana asikichukue kwa hiyo Marlin. Kiboksi cha nyundo cha raifo kinabana mdomo wa ganda tu, tumbo la ganda linabaki limetanuka vile lilivyotoka kwenye chemba. Bunduki ya bolti ina nguvu ya kulisukuma liingie, ya leva haina, utajikuta umesimama msituni leva haifungi. Lee wenyewe wanasema hakifai kwa bunduki za leva, pampu wala nusu otomatiki. Kwa leva unahitaji kalibu kamili inayobana ganda zima kutoka juu mpaka chini, na hiyo inataka presi.

Kwa kuwa upo apartment angalia presi ya mkononi ya Lee, haifungwi mezani, unaishika kama koleo kubwa ukiwa umekaa kwenye kochi, ni kama dola 60. Au ile ndogo ya alumini ya umbo la C, unaifunga kwa boliti kwenye ubao mnene halafu ubao unaubana kwenye meza kwa jiriwa, ukimaliza unasukuma vyote chini ya kitanda. Kalibu za .45-70 seti ya tatu dola 40 hadi 50. Kalipa ya kupimia urefu dola 25. Mizani dola 30 hadi 80. Kitabu dola 30 na kitu. Mafuta ya kulainisha maganda, faneli, trei ya matundu ya kusimamishia maganda (hiyo unaweza kutoboa kipande cha ubao mwenyewe). Upo kwenye dola 230 hivi na inabaki ya praima, baruti na vichwa.

Baruti na praima kanunue dukani kwa mkono wako. Ukiagiza mtandaoni wanakuongezea ada ya mzigo hatari, kwa oda ndogo ile ada inakula faida yote. Wanaofanya hivyo huwa wanachanga watu watatu wanne wanaagiza kwa pamoja.

Kijana_Columbus

Mzee asante sana, hapo kwenye leva umeniokoa maana kiboksi cha nyundo nilikuwa nimeshakiweka kwenye kikapu. Swali, kuhusu mizani, kuna za digitali za dola 20 wanapimia dhahabu, zinafaa? Na kitabu kuna haja gani wakati vipimo vipo bure mtandaoni?

Mzee_wa_Nebraska

Mizani kwanza. Baruti tunaipima kwa greni, paundi moja ina greni 7000, kwa hiyo unaongelea kitu kidogo mno, mizani lazima isome sehemu ya kumi ya greni. Za digitali za bei chee tatizo lake zinatangatanga. Umeiweka sifuri, umepima mara kumi, feni ya AC ikivuma au betri ikianza kuchoka sifuri imeshahama na wewe hujui. Mimi kwa mwenye hela ndogo nampendekezea mizani ya mkono, ile ya boriti na kipande cha kusogeza, haina betri, haina cha kuharibika, hata ya mtumba ya miaka 40 ikisafishwa inasoma sawasawa. Ukiamua digitali nunua na mawe ya kuhakikishia, uhakikishe kabla ya kuanza na kila baada ya maganda kadhaa. Na yoyote utakayochukua iweke mbali na upepo na juu ya meza isiyotikisika.

Kitabu. Vipimo vya mtandaoni vipo vizuri, Hodgdon wameweka vya kwao bure kabisa na ni vya kuaminika kwa sababu ndio wenye baruti. Tumia vyote, kitabu na tovuti ya mwenye baruti, na vifanane. Ambacho huruhusiwi kutumia ni kipimo cha mtu baki, iwe kwenye video, kwenye comment, au hata mimi hapa. Umeona sijakuandikia hata kipimo kimoja cha baruti na sitakuandikia. Unachukua kutoka kwenye kitabu, aina ile ile ya baruti, uzito ule ule wa kichwa, praima ile ile, na unaanza kwenye kipimo cha chini kabisa walichoandika. Sio cha katikati.

Na kwa .45-70 kitabu kina umuhimu kuliko kwa risasi nyingine yoyote, nitaeleza kesho nikitoka kazini.

Mkeka_wa_Ukili

Samahani kuwakatisha wakuu, nataka kuuliza upande wa sheria. Mimi nipo hapa kwa visa ya mwanafunzi, naruhusiwa kununua hivi vifaa nijaze kwa hobby?

dada_Nyota

Kaka hapo simama kabisa. Sheria ya shirikisho wenye visa za muda, mwanafunzi, mtalii na wengine wa hivyo, kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, kuna misamaha michache mfano aliye na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Wenye green card hawana shida hiyo. Watu wengi hawajui kwamba kwenye ile sheria neno risasi halimaanishi risasi iliyokamilika tu. Ganda tupu, praima, kichwa, baruti, kila kimoja peke yake kinahesabika kuwa risasi. Kwa hiyo usije ukasema mimi sina bunduki, nanunua praima tu za kumsaidia rafiki, hapo umeshaharibu maisha ya karatasi zako kwa kitu cha dola nane. Tafuta wakili wa uhamiaji umuulize kabla hujagusa chochote, na ulipe hiyo hela ya wakili.

Kwa raia na wenye green card, kujaza za kwako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Ukianza kuuza, hata kwa marafiki wa renji, unahitaji leseni ya mtengenezaji, ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha) wanaiita aina 06. Majimbo nayo yana yake, wa California kwa mfano wana sheria za ununuzi wa risasi ambazo sisi Texas hatuna, kila mtu aangalie ya kwake.

Shamba_la_Bibi

Nawasoma kutoka Nakuru, nimevutiwa sana. Hizi presi zinaweza kusafirishwa huku? Nina rafiki ana bunduki yenye cheti anapata shida ya risasi.

Mzee_wa_Nebraska

Ndugu yangu wa Nakuru, nakujibu kwa upendo, achana nayo. Kenya sheria ya silaha sura ya 114 inataka cheti kwa bunduki na kwa risasi pia, na kutengeneza risasi si kazi ya mwenye cheti cha kawaida. Tanzania kuna sheria yao ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, nao vilevile hawachezi. Rafiki yako anunue kwa muuzaji mwenye leseni kwa idadi aliyoandikiwa.

Na nyie mnaosafiri, kagueni mabegi. Begi ulilokwenda nalo renji usilitumie kwenda nyumbani. Ganda tupu moja limejificha kwenye mfuko wa pembeni, hapa hakuna anayelijali, ukikutwa nalo Jomo Kenyatta au Julius Nyerere unakosa ndege na maelezo yanakuwa marefu. Usimpelekee mtoto kama zawadi, usitengeneze kishikizo cha funguo.

Kijana_Columbus

Wakuu kuna jambo limetokea jana Jumamosi. Kuna mzee alifariki mtaa wa jirani na familia inauza vitu vyake, nimekuta presi ya chuma ya kijani RCBS imeandikwa Rock Chucker, mizani ya boriti ya kampuni hiyo hiyo, na kopo la baruti limefunguliwa limejaa kama nusu, na mfuko wa plastiki una risasi za .45-70 kama 60 alizojaza yeye. Wanataka dola 120 kwa vyote. Wamenishikia mpaka kesho saa nne. Nichukue?

Mzee_wa_Nebraska

Presi na mizani kimbia ukachukue sasa hivi hata usisubiri kesho! Hiyo presi ni chuma cha kusubu, nimeziona zina umri wa miaka 50 na zinafanya kazi kama siku ya kwanza. Panda shuka mkono wake mara kadhaa, uone kama nguzo inacheza sana pembeni, angalia kama ina nyufa, kutu ya juu inatoka kwa mafuta na steel wool. Kampuni bado ipo na vipuri vipo. Na kwa apartment utaifunga kwenye ubao kama nilivyosema, ni nzito tu.

Mizani angalia ile ncha kali boriti inapokalia haijaliwa, safisha vumbi, iweke sifuri, halafu uijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana.

Baruti usiitumie. Kopo lililofunguliwa na mtu usiyemjua huwezi kujua kilichomo ndani, wapo watu wanarudishia baruti kwenye kopo lisilo lake, na aina mbili za baruti zinafanana kwa macho huku nguvu zake zikiwa mbali kabisa. Tena baruti ya zamani inaoza, ukifungua ukasikia harufu kali ya kuchoma pua au ukaona vumbi jekundu kama kutu ujue imekufa. Waambie familia wakupe hivyo hivyo uwaondolee hatari, kisha uliza idara ya zimamoto ya hapo kwenu wanaielekeza wapi.

Na zile risasi 60 usipige hata moja. Sio kwamba marehemu alikuwa hajui kazi, inawezekana alikuwa bingwa, lakini alizijaza kwa ajili ya bunduki gani? Hapo ndipo narudi kwenye lile nililosema nitaeleza.

.45-70 ilitoka 1873 kwa ajili ya jeshi, kwenye bunduki ya Springfield wanayoita Trapdoor, na ilikuwa ya baruti nyeusi greni 70, ndiyo hiyo 70 ya kwenye jina. Ile bunduki mlango wake wa nyuma ni dhaifu. Baadaye zikaja za leva zenye nguvu zaidi, kama Marlin yako, halafu zikaja za risasi moja moja kama Ruger No. 1 ambazo zinastahimili shinikizo kubwa mno. Zote tatu zinapokea risasi ile ile. Kwa hiyo kitabu cha Lyman kwa mfano kinatenga vipimo vya .45-70 kwenye makundi matatu, na ukifungua ukurasa wa Ruger ukajazia Trapdoor unampeleka mtu hospitali. Wewe soma ukurasa wa leva tu na mwanzoni hata usifike karibu na kilele chake. Risasi za kwenye mfuko hazina maandishi, hujui ni za kundi gani. Zing'oe kwa nyundo ya kung'olea vichwa, ni dola 20 hivi, maganda na vichwa vinakuwa vyako, baruti iliyotoka humo usiitumie.

Na usije ukamsikia mtu anasema zamani walijaza ganda mpaka juu. Walijaza baruti nyeusi. Za siku hizi zisizo na moshi ukijaza ganda hilo mpaka juu kwa aina isiyofaa bunduki inapasuka usoni.

chuma_cha_pua

Hapo kwa mzee namuunga mkono asilimia mia. Naongeza moja, usirithi hata ya rafiki yako mpenzi. Risasi zilizojazwa na mtu mwingine hazipigwi kwenye bunduki yangu na za kwangu simpi mtu.

Kijana_Columbus

Nimevichukua! Wameniuzia presi na mizani kwa dola 90, na ndani ya droo ya mizani kulikuwa na kishikilio cha ganda saizi yangu. Risasi wamenipa, nitazing'oa. Presi haichezi hata kidogo. Sasa bajeti imepumua.

Dada Nyota, mzee alisema kila ganda litazamwe, wewe unaangaliaje? Nimesoma habari za kujaza baruti mara mbili kwenye ganda moja, hiyo inanitisha kuliko vyote.

dada_Nyota

Hongera kaka, umepata mali.

Nakuelezea ninavyofanya mimi. Maganda yote yapo kwenye trei ya matundu yamesimama midomo chini. Nalichukua moja, naligeuza, naweka faneli, namimina kipimo, nalirudisha kwenye trei ya pili midomo juu. Ganda lililogeuka limejazwa, lililo midomo chini halijajazwa, hakuna la katikati. Simu ipo chumba kingine. Mtu akiniita nasimama, namalizia lile nililoshika ndio naitika, na kama sikumbuki nilifika wapi nalimwaga nalipima upya.

Yakishajaa yote nachukua tochi ndogo, nainamia trei, namulika ndani ya kila ganda safu kwa safu. Kina cha baruti kinatakiwa kiwe sawa yote. Lililojazwa mara mbili linajitokeza juu, lisilo na kitu unaona kitako cheusi. Kwa .38 yangu baruti ni kidogo na ganda ni refu kwa hiyo mara mbili inaingia bila kumwagika, ndio maana siruki hatua ya tochi hata nikiwa na risasi kumi tu. Wewe angalia kama kitabu kina baruti inayojaza ganda zaidi ya nusu kwa kipimo cha kawaida, hiyo ukimimina mara mbili inafurika mezani unaona mwenyewe.

Na hatari ya pili ni ganda lisilo na baruti kabisa. Praima peke yake ina nguvu ya kusukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Unasikia mlio mdogo tofauti, teke hakuna. Hapo weka bunduki chini, iangalie mtutu kwanza, ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unapasuka.

Benchi liwe na kopo moja tu la baruti. Ukimaliza rudisha kwenye kopo lake lile lile siku hiyo hiyo, usiache kwenye kipimio mpaka wiki ijayo.

Mama_Wawili

Mume wangu ameanza haya mambo na tuna watoto wadogo, kuna madhara yoyote ndani ya nyumba?

dada_Nyota

Shida kubwa dada yangu ni madini ya risasi yanayobaki kwenye masizi ya praima iliyopigwa. Kile kivumbi cheusi ndani ya maganda ya zamani kina madini hayo, na kwa watoto na mama mjamzito ni sumu ya ubongo. Wengi wanasafisha maganda kwa tamla la kutikisa lenye chenga za mahindi, lile linatoa vumbi, lisikae ndani ya nyumba, wala lile vumbi lisifagiwe na ufagio mkavu. Njia ya bei nafuu na salama zaidi ni ya maji: ndoo maalum isiyotumika kwa kitu kingine, maji moto, tone la sabuni ya vyombo, na asidi ya sitriki kijiko kidogo, tikisa, suuza, yaanike juani. Asile wala kunywa akiwa kwenye meza hiyo, anawe mikono kwa sabuni kabla hajamshika mtoto, na kama anatumia meza ya chakula atandike plastiki yake. Nguo za renji zifuliwe peke yake.

Baruti na praima ziwe kwenye makopo na pakiti zake za asili, kabati lenye kufuli, pakavu, mbali na hita. Praima asizimwage kwenye chupa ya glasi kwa vile zikigusana nyingi moja ikilipuka zinafuatana zote. Mwongozo wa zimamoto wa NFPA kwa nyumba ya kuishi ni paundi 20 za baruti na praima 10,000, kwa bajeti za humu hakuna atakayefika huko, na apartment aangalie mkataba wake kwanza.

Kijana_Columbus

Mkataba nimeusoma, hauna kipengele kinachokataza. Kabati nimepata.

La mwisho wakuu, nimepata praima 100 na baruti paundi moja, ya aina iliyopo kwenye kitabu ukurasa wa leva. Vichwa dukani kuna vya ncha kali na vya bapa, vya ncha kali vimekaa vizuri kwa mbali eti. Na nianze na ngapi?

Mzee_wa_Nebraska

Bapa. Bunduki yako risasi zinakaa kwenye bomba zimepangana, ncha ya hii imegusa praima ya iliyo mbele. Ncha kali na teke la .45-70 ni kukaribisha mlipuko ndani ya bomba. Hornady wanayo ya ncha ya plastiki laini iliyotengenezwa kwa bunduki za leva, lakini hiyo ina vipimo vyake na ni ya bei, iache kwa sasa. Chukua bapa ya greni 405 au 300 ile iliyoandikwa kwenye kitabu chako.

Kwa sababu hiyo hiyo ya bomba usiruke hatua ya kufinya mdomo wa ganda ndani ya mfereji wa kichwa. Risasi zilizo kwenye bomba zinagongana kila ukipiga, kichwa kisichofinywa kinasukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Finya, kisha chukua moja, kandamiza kichwa chake kwenye ukingo wa meza kwa nguvu za dole gumba, pima urefu kwa kalipa kabla na baada. Usipobadilika umefinya vizuri.

Maganda yako kabla ya kuyabana kagua kama yana ufa mdomoni, paka mafuta kidogo sana, kidogo kweli, mafuta mengi yanabonyeza ganda, na kavu linang'ang'ania kwenye kalibu mpaka ununue kifaa cha kulitolea. Angalia na ndani ya kitako, tundu moja katikati hiyo ni ya Boxer inajazika, matundu mawili madogo ni Berdan, hiyo itavunja sindano ya kalibu, tupa.

Anza na kumi. Zote kwenye kipimo cha chini. Andika kwenye boksi tarehe, baruti, kipimo, kichwa, praima, urefu. Nenda renji upige moja moja, usijaze bomba, kila ganda likitoka litazame kabla ya kupiga linalofuata. Praima ikiwa imebondeka mpaka kingo zimepotea, au leva imekuwa nzito kufunguka, acha hapo, rudi na zilizobaki nyumbani uzing'oe. Zikiwa zimetoka laini na shabaha inakaa pamoja, baki na kipimo hicho hicho. Kulungu wa Ohio kwa umbali wenu wa msituni hahitaji zaidi ya hapo, na bega lako pia.

Kijana_Columbus

Nimeelewa mzee. Jumamosi naenda renji na kumi, nitaweka picha za maganda humu myatazame kabla sijajaza nyingine.

Mzee_wa_Nebraska

Piga picha kitako cha kila ganda, karibu, mwanga wa pembeni, na uandike lipi lilikuwa la ngapi.

dada_Nyota

Na chukua fimbo ya kusafishia mtutu uende nayo, usiiache kwenye gari.